Mama anaenda kutolewa kizazi, kuna namna ya kujua mapema ataumia kiasi gani?

Bintimkubwa
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 52, Jumatano ijayo anaingia thieta kutolewa kizazi sababu ya uvimbe. Oparesheni yenyewe siiogopi sana, naogopa maumivu ya baadaye, maana mdogo wangu alipojifungua kwa kisu alilia usiku mzima nesi anamwambia jikaze, wakati jirani yetu kapasuliwa hivyohivyo kesho yake anatembea koridoni. Na mama ndo mtu wa kunyamaza, akiumwa anageukia ukutani tu. Je madaktari wanaweza kujua kabla nani ataumia sana ili wajiandae?

Nesi wa zamu
Pole dada. Kujua kwa uhakika haiwezekani ila dalili zipo. Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu kabla ya oparesheni, mwenye hofu kubwa, asiyelala vizuri, anayemeza dawa kali kama tramado kila siku, hao mara nyingi huumia zaidi, na vijana huumia kuliko wazee. Muulize mama analalaje na tumbo limeanza lini, halafu mwambieni daktari wa usingizi, sio yule anayepasua peke yake.

Kaka Mbeya
Usiangalie ukubwa wa oparesheni. Mi nilitolewa bawasiri, watu wanasema kitu kidogo hicho, siku ya kwanza kwenda choo nililia. Ujerumani 2013 walitoa utafiti wa kulinganisha aina 179 za oparesheni, kidole tumbo, nyongo, bawasiri na tonsili zikawa kwenye zile 25 zinazouma zaidi, na baadhi ya zile kubwa za tumbo zikauma kidogo kwa vile wagonjwa waliwekewa dawa ya kutosha kwa mpira wa mgongoni.

Bintimkubwa
Asanteni sana. Nimemuuliza mama usiku huu kumbe ana miezi 8 hapati usingizi, anajinunulia dawa ya maumivu, diklofenaki, dukani bila kutuambia na vidonda vya tumbo anavyo 😢

Nesi wa zamu
Hiyo lazima waijue wasije wakampa diklofenaki hiyohiyo wakati ana vidonda vya tumbo. Ingine, kama atachomwa sindano ya mgongo, ganzi ikiisha baada ya masaa machache ndo maumivu yanaingia, kwahiyo dawa ianze kabla haijaisha na aipate kwa saa zake, asisubiri mpaka aombe. Mfundishe kujipima, 0 haumwi kabisa, 10 ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria. Na aulizwe akiwa anakohoa au anajigeuza, maana akilala tuli mtu kama mama atakwambia 2.

Mama Wawili
Mbebee mto mdogo au khanga ya kukunja, abane tumboni akitaka kukohoa au kuinuka. Mi ilinisaidia mno.

Bintimkubwa
Asubuhi tunaenda kwa daktari wa usingizi, nimeandika yote kwenye karatasi. Mama kasema nisome mimi, yeye anaona aibu kusema anaumwa.