Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kufunga WordPress ilikutoa jasho kiasi gani?

Kijana wa Tegeta: Wakuu, jana dogo kaniletea laptop, kakwama pale WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, inapomuuliza jina la databesi, ghala la data za tovuti. Hajawahi kutengeneza databesi, hata hajui ni mnyama gani. Nikacheka, kisha nikakumbuka mimi nilikaa hapo hapo siku tatu. Na wanajisifu eti inafungwa kwa dakika tano! Tiririkeni.

Poti80: Apache ya XAMPP, ile seva ya kujaribia tovuti kwenye laptop yako, iligoma kuwaka wiki nzima. Kumbe Skype imeikalia poti 80, mlango ambao Apache inautaka.

mama_kodi: Skype hiyo hiyo, mkuu 😂

Fundi Mitambo: 2014, sekondari moja ilinipa tovuti, nikala advansi. Nikaijenga kwenye laptop, nikaipandisha seva kwa FileZilla usiku kucha. Asubuhi kikao cha wazazi, kwenye projekta inang'aa. Mkuu wa shule: "Wazazi, fungueni kwenye simu zenu." Mzee wa mbele akafungua: maandishi yapo, picha hakuna hata moja. Wa pili, hivyo hivyo. Nikabisha, "Mbona kwangu zipo?" Kumbe anwani za picha zote zilibaki localhost, yaani "kompyuta hii hii", zinatoka kwenye XAMPP ya laptop yangu mwenyewe! Nikaizima XAMPP ili nithibitishe, nikafungua tovuti upya. Zikapotea na kwenye projekta, ukumbi mzima unatazama.

mama_kodi: Nimelia. Ulimaliziwa hela?

Fundi Mitambo: Hata mia. Yule mzee ndiye aliyeniomba radhi, alidhani simu yake mbovu.

Jumla Jumla: Ndiyo maana mimi Joomla, mpinzani wa WordPress, tangu zamani. Na jina ni letu, limetoka kwenye "jumla".

Poti80: Jina letu, ila ndani komponenti, moduli, plagini. Mgeni atajuaje ipi ni ipi? Nilitafuta menyu mpaka nikafunga laptop.

Jumla Jumla: Ulitaka ulishwe kwa kijiko.

Poti80: Ndiyo! Mgeni hulishwa.

Baharia: Dogo aweke ruhusa 777, yaani yeyote asome na kuandika, kwenye mafaili yote, haitamsumbua tena.

mama_kodi: Msimsikilize huyu. Niliweka 777, wiki mbili baadaye tovuti inauza dawa za nguvu za kiume.

Baharia: Si ulipata biashara?

Mwalimu Seva: Atumie Softaculous, ile ya kwenye hosting inayokufungia WordPress yenyewe, anajaza jina na paswedi, databesi inajitengeneza.

Fundi Mitambo: Halafu ikiharibika atamwita nani? Ateseke kwanza.

mama_kodi: Uliteseka wewe, ukafika wapi? 😂 Mleta mada, dogo kafikia wapi?

Kijana wa Tegeta: Imewaka leo asubuhi. Sasa anauliza paswedi aliyoiweka mwenyewe jana ataiona wapi.