Dizeli ilimwagika shambani, nimeweka urea mara mbili mahindi bado ya njano

Mkulima wa Igawa

Wakuu, habari za humu. Shamba langu liko pembeni ya barabara kuu ya Tunduma, ukitoka Makambako kabla hujafika Igawa. Agosti mwaka jana lori la mafuta lilianguka usiku, tenki likapasukia upande wangu. Ilikuwa dizeli. Watu wa bima walikuja wakapiga picha, wakanilipa migomba na uzio, wenye lori wakaleta tipa za mchanga wakafukia, basi. Mvua za Desemba zilipokolea nikapanda kama kawaida.

Sasa hivi pale ambapo mafuta hayakufika mahindi yananifikia kifuani. Kile kipande cha mafuta, kama robo ekari, yameishia magotini na ni ya njano. Njano inaanzia majani ya chini, kwenye ncha, inarudi nyuma kufuata mshipa wa kati kama herufi V. Nimekuzia urea mara mbili, wapi! Mvua ikinyesha maji yanatiririka juu juu, ukichokonoa kidogo chini ni vumbi. Halafu kuna kibonde ambako maji hutuama: udongo wetu mwekundu umegeuka kijivu na unanuka mayai viza. Nyungunyungu sijaona hata mmoja. Ndiyo udongo umekufa huo?

Utingo Mstaafu

Pole sana mkuu. Barabara hiyo nimeila miaka mingi. Gereji tukimwaga dizeli sakafuni tunatupia sabuni ya unga na maji mengi, inatoka yote. Jaribu hivyo. Na umshukuru Mungu haikuwa petroli, maana watu wangejaa na madumu, na ya lori la petroli lililolipuka Morogoro 2019 sote tunayakumbuka.

Bibi Shamba Mstaafu

Mwanangu wa Igawa, pole. Hiyo V kwenye jani la chini ni upungufu wa naitrojeni, umeusoma vizuri. Cha kujiuliza ni urea yako imekwenda wapi. Imeliwa.

Dizeli karibu yote ni kaboni na haidrojeni. Lita moja ina kaboni kama gramu 700, naitrojeni ni kama hakuna. Kila udongo una bakteria wachache wanaoweza kula mafuta: Pseudomonas, Rhodococcus, Acinetobacter na jamaa zao. Kabla ya ajali walikuwa wachache mno, mafuta yalipoingia wakazaliana wakawapita wenzao wote. Ila kaboni peke yake haijengi mwili wa bakteria, anataka naitrojeni na fosforasi. Ni sawa na mtu uliyempa gunia la unga bila mboga: atapita na bakuli kwa jirani, na jirani wa karibu ni mahindi yako.

Wanaosafisha udongo wa mafuta hupenda kukadiria kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Ukipiga hesabu, lita moja ya dizeli inadai naitrojeni gramu 70, yaani urea gramu 150 hivi. Kama ardhini zilibaki lita 1,000, hiyo ni mifuko mitatu ya kilo 50 kabla mahindi hayajaonja. Wewe uliweka kilo ngapi? Lakini usikimbilie dukani ukaimwaga yote siku moja, amonia inayotoka kwenye urea ikizidi inaua hao hao bakteria unaowataka. Weka kidogo kidogo, na DAP kiasi kwa ajili ya fosforasi.

Pia ujue waliopotea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti, kama Nitrosomonas, ni dhaifu sana mbele ya mafuta. Wale wa vinundu vya mizizi ya maharage nao hutetereka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vijidudu vimeongezeka usifurahi haraka. Idadi inaweza kupanda huku aina zikipungua, na aina ndizo zilikuwa zinafanya zile kazi nyingine shambani kwako.

Kile kibonde ndicho kinanisumbua zaidi. Kilo moja ya dizeli ikiliwa yote inahitaji zaidi ya kilo tatu za oksijeni. Sasa mafuta yameziba matundu ya udongo, maji yametuama, na juu wakakufukia mchanga (huo mchanga, samahani, ulikuwa wa kuficha aibu tu). Hewa ikiisha bakteria wengine wanashika zamu: wanatumia naitreti, kisha manganizi, kisha chuma. Wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, ikishatumika rangi inakuwa kijivu. Wakifika kwenye salfeti ndipo unapata mayai viza. Bila hewa mafuta huliwa polepole mno.

Kuhusu maji kutiririka, chukua bonge kavu, dondoshea tone moja la maji. Likikaa juu zaidi ya sekunde tano bila kuzama, punje zimevaa mafuta.

Kwa hiyo: ondoa mchanga. Fungulia kibonde mfereji maji yatoke, lakini yasielekee mtoni wala kisimani. Lima na kugeuza mara kwa mara hewa iingie, changanya samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga, weka unyevunyevu bila kuloweka. Na kaka Utingo, sabuni hapana! Sakafuni inaondoka kwa sababu inakwenda kwa jirani. Shambani itayasukuma mafuta chini.

Wa Kibwezi

Salamu kutoka Makueni. Kwetu bomba la mafuta lilivuja Thange mwaka 2015, na kilichotuumiza si shamba peke yake, ni mto na visima. Kama uko na kisima hapo chini, usikinywe kabla kipimwe. Hata usipoona mafuta juu ya maji.

Mkulima wa Igawa

Asanteni. Kisima kipo, cha jirani, ng'ambo ya kibonde. Nitamwambia leo. Bibi, nikipeleka udongo TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo, watanipa jibu? Na hicho kipande naweza kutupia mchicha wakati nasubiri?

Bibi Shamba Mstaafu

Uyole wapimie pH (uchachu wa udongo), naitrojeni na fosforasi. Waambie mapema kwamba kuna dizeli, kwa sababu kipimo cha kaboni kinaweza kuihesabu humo, ukarudi na karatasi inayosema shamba lako lina mboji nyingi. Mafuta yenyewe uliza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maji ya kisima yaende huko huko.

Mchicha hapana, viazi hapana, mpaka majibu yarudi. Ukitaka kujua unaendeleaje, jaza makopo mawili, moja la udongo huo na moja la udongo safi, panda maharage yote siku moja. Baadaye yang'oe uangalie vinundu: ukikipasua, kinachofanya kazi kina wekundu ndani.

Ila kabla hujalima chochote, chimba shimo ujue yamefika wapi. Ogoniland kule Nigeria, ambako mafuta ghafi yalimwagika, walikuwa wanageuza udongo wa juu na kutia mbolea, kisha ripoti ya UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) ya 2011 ikakuta uchafuzi wa mita tano kwenda chini sehemu nyingi. Nusa kila tabaka, weka fimbo yenye vipimo ukutani mwa shimo, piga picha zenye tarehe, mwite mwenyekiti wa kijiji ashuhudie. Bima walikulipa migomba na uzio. Udongo hawajaulipa, na ukishalima huo ushahidi utakuwa umeuchanganya mwenyewe. Ile karatasi uliyotia sahihi, iliandikwa malipo ya nini?