"Mfumo umekataa" sio jibu, nataka mtu wa kuniambia kwa nini!

Wakuu salaam, leo nina hasira kwa hiyo mtanivumilia nikiandika bila mpangilio.

Hivi ni lini tulikubaliana kwamba mtu akikunyima kitu hawajibiki tena kukueleza sababu? Nimeomba kazi kwenye kampuni moja, jina silitaji. Nimetuma maombi usiku wa manane na jibu limeingia usiku huohuo, hata sijazima kompyuta, "Ndugu mwombaji, baada ya kupitia maombi yako kwa umakini mkubwa tunasikitika..." Umakini wa nani saa hiyo?? Nani amesikitika? Kukosa kazi ni kawaida, nishakosa nyingi na sikuja kulia humu. Asubuhi nikapiga simu kuuliza nimepungukiwa wapi ili nijirekebishe, nikazungushwa mpaka kwa kijana wa rasilimali watu, na yeye kwa upole kabisa akaniambia "kaka hata sisi hatujui, mfumo ndio unachuja". Nikauliza nani aliuweka, hajui. Nani anaweza kufungua maombi yangu akayasoma kwa macho yake, hakuna. Yaani nimenyimwa na hakuna aliyeninyima!

Halafu ukija kwenye mijadala ya AI (akili mnemba) watu wanabishana itatuzidi akili au haitatuzidi, ina roho au haina. Jamani, kwenye mambo kibao ilishatuzidi zamani. 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye chesi, 2016 programu ya AlphaGo ikamfunga bingwa Lee Sedol mechi 4 kwa 1 kwenye mchezo wa ubaoni wa Go, na watu wanaendelea kucheza mpaka leo. Kama utu ungekuwa ni wepesi wa kupiga hesabu tungeshafungashiwa virago siku nyingi. Mimi naona kinachotutofautisha ni kwamba binadamu anaulizika. Ukinikosea nakufuata, nakuuliza, unaona haya, unajitetea, unaomba radhi, ukigoma nakupeleka mbele ya sheria na unaweza kulipa au kufungwa, na hata usipofungwa usiku unajua ulichofanya. Mashine haina haya na haina cha kupoteza. Itaandika "samahani kwa usumbufu" mara elfu na hata moja haitaiuma.

Na wakubwa wanalijua hilo vizuri sana ndio maana wanajificha nyuma yake. Angalieni kesi ya shirika la ndege la Air Canada iliyoamuliwa 2024. Abiria kafiwa na bibi yake, kauliza chatiboti ya shirika (programu inayojibu maswali ya wateja kwa maandishi) kuhusu nauli ya msiba, ikamwambia anaweza kusafiri kwanza halafu punguzo akaliomba baadae. Akasafiri, akaomba, wakamkatalia, eti utaratibu wao hauruhusu kuomba baada ya safari. Alipowapeleka kwenye baraza la madai madogo la jimbo la British Columbia huko Kanada, walileta utetezi ambao baraza lilisema ni sawa na kudai kwamba chatiboti ni mtu anayejitegemea anayewajibika kwa matendo yake mwenyewe. Kwa mtu aliyetoka kuzika! Baraza liliwakatalia na wakaamriwa kulipa. Ukifuga mbwa akang'ata mtu hatuendi kumshtaki mbwa, sasa hawa wanataka tumshtaki nani?

Na wala haihitaji AI ya kisasa kuumiza watu. Australia kuanzia 2016 serikali iliachia kompyuta idai watu waliopokea msaada wa serikali. Ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima ikayagawanya kwa vipindi 26 vya wiki mbilimbili, kana kwamba kila mtu analipwa sawasawa Januari mpaka Desemba. Kibarua aliyepata kazi miezi michache na miezi mingine akakaa bila kitu akaonekana amedanganya, akaletewa deni, na yeye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi. Kuna vijana walijiua, mama zao wakaenda kutoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake 2023. Uholanzi nako familia maelfu ziliambiwa zimeiba posho za malezi ya watoto, mfumo ulikuwa unaangalia mpaka uraia wa mtu, na serikali ikajiuzulu Januari 2021.

Najua kuna watakaokuja kusema binadamu naye anapendelea, anakula rushwa, anaajiri shemeji yake. Kweli kabisa. Lakini huyo ana jina na bosi wake anajulikana, siku akibanwa anabanwa. Upendeleo wa mashine utaujuaje? Amazon walitengeneza programu ya kuchuja wasifu wa waombaji, ikajifunza kwa maombi ya nyuma ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, matokeo yake ikawa inashusha wasifu wenye neno la kuonyesha shughuli za wanawake. Wakaiacha, habari ikatoka 2018. Iligundulika kwa sababu watu wa ndani waliichungulia. Hii iliyonichuja mimi nani ameichungulia??

Ulaya tangu 2018 sheria yao ya data, kifungu cha 22, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na hata pale inaporuhusiwa anaweza kudai binadamu aingilie. Hicho ndicho ninachodai, na nadai binadamu aliyesoma, sio wa kubonyeza "sawa" kila mfumo ukitoa majibu.

Kwa hiyo nyie mnaofanya kazi rasilimali watu, na nyie mnaotengeneza hiyo mifumo, naomba majibu bila kuzunguka. Mwombaji akikataliwa na mfumo wenu akataka kujua kwa nini, anamuona nani? Kama huyo mtu yupo nipeni cheo chake na chumba anachokaa. Kama hayupo, nani alisaini mfumo uanze kazi bila yeye?