Tope linaelea tangi la kutuama, naitreti haishuki (machinjio, Iringa)

Swali
Habari wakuu. Majitaka ya machinjio, m³ 40 kwa siku. Tangi la hewa m³ 60, kisha tangi la kutuama (tope la bakteria huzama, maji hutoka juu). Blowa inapuliza saa 24. Amonia inaingia 80 mg/l, inatoka 3. Naitreti inatoka 55. Alkali (kinachozuia maji yasigeuke asidi) inayoingia ni 320 mg/l, pH ya tangi imeshuka hadi 6.3. Mchana mabonge ya tope yanapanda juu. Niongeze hewa?

Jibu 1
Hapana mkuu, hewa unayo ya kutosha. Bakteria wa amonia wamemaliza kazi yao ya kuigeuza naitreti, ila wa kuondoa naitreti hujawapa nafasi. Hao hupumua naitreti pale tu oksijeni inapokosekana (chini ya 0.5 mg/l) na chakula kikiwepo. Sasa wanafanya kazi hiyo chini ya tangi la kutuama, gesi ya naitrojeni inanasa kwenye tope na kulinyanyua.

Hakikisha hivi: jaza tope kwenye silinda ya lita moja. Likituama vizuri ndani ya dakika 30, kisha baada ya saa moja au mbili likapanda lote kama mkate, ligonge kwa kijiti. Vipovu vikitoka na tope likazama tena, ni gesi. Lisipotuama kabisa tangu mwanzo, huo ni ugonjwa mwingine.

Weka taima: hewa dakika 90, zima dakika 45, na mota ya kuchanganya iendelee kuzunguka. Bila mota tope litalala chini na hutapata kitu. Rudisha tope kutoka tangi la kutuama kwa m³ 40 kwa siku, lisikae kule.

Jibu 2
Naongezea: zima hewa majitaka mabichi yanapoingia. Ukizima usiku wa manane wakati chakula kimeshaliwa, naitreti itabaki palepale. Kila gramu ya naitrojeni inataka gramu 4 hadi 6 za COD (kipimo cha uchafu ambao ndio chakula chao), na machinjio inazo tele. Usinunue molasi. Machinjio hufanya kazi alfajiri, kwa hiyo jenga tangi la kusubirishia ulishe kidogo kidogo siku nzima. Damu ikusanywe pembeni, ina naitrojeni nyingi mno.

Na pH itapona humohumo. Naitrojeni 55 ikigeuka naitreti imekula alkali 393 (mara 7.14), ndiyo maana 320 haikutosha. Kubakiza alkali 100 kwa magadi soda (soda ash, si ya kuokea) pekee ungehitaji kilo 7 hivi kila siku. Ukiondoa naitreti 40 unarudishiwa alkali 143, na magadi yanashuka hadi kilo 1.3.

Jibu 3
Msisahau baridi. Juni na Julai maji yakishuka nyuzi 15, bakteria wa amonia huzaliana polepole sana. Ukizima hewa theluthi ya muda, umri wao wa kufanya kazi unapungua theluthi pia. Lenga tope likae siku 20: toa m³ 3 za tope kwa siku moja kwa moja kutoka tangi la hewa, usizidishe. Anza kupunguza utoaji mwezi Mei, kwa sababu wakishaoshwa kurudi kwao ni wiki kadhaa.

Tena Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni 7.5 mg/l hivi badala ya 9.1 ya pwani, na blowa hutoa oksijeni pungufu kwa kila m³. Baada ya kuweka taima pima oksijeni ya tangi dakika ya 60 ya hewa: isipofika 2 mg/l, ongeza muda wa hewa kabla amonia haijapanda.

Muuliza swali
Nimejaribu silinda. Limepanda baada ya dakika 70, nikaligonga likazama. Mota ya kuchanganya sina, naanza na hiyo.