Naomba ushauri: akaunti ya pamoja, mwenza mmoja amefariki

Wakuu, akaunti ni ya watu wawili, mmoja amefariki. Maelekezo ya saini ni "yeyote kati yao", lakini fomu haina kipengele cha aliyebaki kuchukua salio. Hayo ni mambo mawili tofauti: saini inahusu kutoa pesa wote wakiwa hai, umiliki baada ya kifo ni habari nyingine, na warithi wanaweza kudai fungu la marehemu.

Cheti cha kifo kikifika benki, akaunti ikizuiwa, makato ya mkopo yanayopita humo yatagoma na faini ya kuchelewa itaanza. Je, aliyebaki ahamishie kwanza mshahara wake na makato kwenye akaunti mpya? Na hundi alizosaini marehemu, bado hazijalipwa, zitapita? Kadi yake haijaguswa, na isiguswe.