Chaja ya kiwandani imekufa: nikate plagi, nibadili soketi, au nichajie kupitia waya wa kontrola?

Kigoda
Wakuu, betri ya seti yangu ya kugeuza baiskeli kuwa ya umeme ni ya volti 36 na bado ni nzima. Chaja ndiyo imekufa, na mtengenezaji haiuzi tena. Plagi yake ni ya sumaku, pini tano, sijaiona kwenye chaja nyingine yoyote. Nina njia tatu hizo hapo juu. Mngechagua ipi?

FundiSelo
Anza na volti, plagi baadaye. Lithiamu-ioni ya 36 ina selo 10 kwa mfululizo, kila moja hujaa kwa 4.2, hivyo tafuta chaja iliyoandikwa 42. Betri ya 48 yenye selo 13 hutaka 54.6. Wenye betri za 52 wawe macho zaidi: selo 14 hutaka 58.8, na LiFePO4 (aina nyingine ya betri ya lithiamu) ya selo 16 hutaka 58.4. Namba zinakaribiana lakini kemia ni tofauti, chaja hazibadilishani. Ampea zisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye betri.

Mimi ningekata plagi ya zamani nikaiunga kwenye chaja mpya, maana betri huifungui. Ila hizo pini tano zinanitia shaka. Baadhi ya BMS, yaani saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, hukataa kuchaji mpaka ziwasiliane na chaja yake. Pima soketi kwa multimita.

Zulekha_M
Ya waya wa kontrola, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, iache kabisa, tafadhali. BMS nyingi zina njia moja ya kuingiza umeme na nyingine ya kuutoa, ndiyo hiyo inayokwenda kwenye kontrola. Ukiingizia kwenye ya kutoa, ulinzi wa kuzidisha chaji haupo: selo moja ikitangulia kujaa, hakuna kinachoukata umeme. Moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi.

Pedali
Naungana na Zulekha, ila kwa FundiSelo napingana kidogo. Plagi ya sumaku ikichakaa, Kigoda atarudi palepale. Abadili soketi. Lakini ipi?

Ile ya duara ya milimita 5.5 inapatikana kirahisi, tatizo kuna ya pini ya 2.1 na ya 2.5, kwa macho huzitofautishi. Plagi ya 2.5 huingia kwenye soketi ya 2.1 ikawa inacheza, na inayocheza hupata moto. XLR ya pini tatu ni imara na hujifunga, lakini watengenezaji hawakubaliani pini ipi ni chanya. Kila chaja mpya lazima uipime. Kura yangu ni XT60. Haiingii kinyume, na upande wa jike ukikaa kwenye betri, chuma chenye umeme kimefichika.

Kigoda
Nimepima: pini mbili zinatoa volti 38.4, nyingine tatu kimya. Chaja ya 42 ninayo, ampea 2.

FundiSelo
Hiyo 38.4 ni dalili njema, ingawa haithibitishi kwamba BMS haisubiri mawasiliano. Unga kwa muda chaja mpya kwenye plagi ya zamani, uone kama ampea zinapita. Zikipita, fuata ushauri wa Pedali, XT60 ni bora.

Ukifika kwenye soketi, kumbuka betri haina swichi ya kuizima ndani. Kata waya mmoja, uzibe ncha kwa utepe, ndipo ukate wa pili. Koleo likigusa zote mbili kwa pamoja, cheche zake si za mchezo. Fyuzi ya ampea 5 iwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

Zulekha_M
Na chaji ya kwanza kaa nayo hapo hapo, mkono kwenye plagi kila baada ya muda. Ikipata moto, chomoa.