Testi ziwe ndani ya programu au pembeni? pytest.main() inanizingua

MgosiWaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Nina programu ya Python ya kituo cha kukusanyia maziwa huku Muheza, inapokea lita za kila mfugaji, inapiga malipo na makato, karani anaprinti risiti. Nimeweka kitufe cha "Jipime" ili bei ikibadilika karani abonyeze ajue hesabu bado ziko sawa, na ndani yake nimeita pytest.main() kama laibrari (pytest ni zana ya kuendesha testi, yaani vipimo vya kukagua kodi). Mara ya kwanza inakubali, ila nikirekebisha faili la makato nikabonyeza tena bila kufunga programu majibu ni yale yale ya zamani. Sasa niendelee kuiita humo humo au niirushe pembeni ijitegemee?

kaka_Chumbageni
Mgosi hapo pytest haina kosa. Python ikishaimpoti moduli inaihifadhi kwenye sys.modules, ukiitaka tena inakupa ile ile, hairudi kusoma faili. Maelezo ya pytest yenyewe hayashauri kuita pytest.main() mara nyingi kwenye prosesi moja (yaani programu ile ile bila kuifunga). Irushe kwa subprocess, inayofungua prosesi nyingine pembeni, [sys.executable, "-m", "pytest"], sys.executable ni mahali Python yenyewe ilipo, halafu soma namba inayorudi, 0 zote zimepita, 1 kuna zilizofeli, na 5 kuwa nayo macho sana, maana yake haikuona testi hata moja, watu wanaichukulia poa. Testi ikiganda una timeout unaiua, foleni ya wafugaji asubuhi haisimami.

BintiPangani
Kwani karani atarekebisha faili la .py saa ngapi? Hiyo shida ni yako wewe unayeandika, yeye haimhusu. Halafu kama umepaki kwa PyInstaller, ile inayogeuza programu kuwa .exe, ushauri wa hapo juu utakuchekesha, sys.executable inakuwa ni .exe yako mwenyewe, kwa hiyo badala ya testi inafunguka programu nyingine ya maziwa juu ya ile ya kwanza 😂 Kwa karani tumia unittest, zana nyingine ya testi, inakuja na Python, inakurudishia objekti ya majibu, unauliza wasSuccessful() unamwandikia "Hesabu ya makato haiko sawa", sio lile gazeti la traceback, maelezo marefu ya kosa. Pytest baki nayo kwenye laptopu yako, testi za unittest inaziendesha vizuri tu, huandiki mara mbili.

kaka_Chumbageni
Hapo kwenye .exe nimekubali dada. Ila testi ikiangusha prosesi si inaondoka na programu nzima, na risiti iliyokuwa inaprintiwa?

BintiPangani
Basi .exe ijiite yenyewe, [sys.executable, "--jipime"]. Ikiona neno hilo isifungue dirisha, iendeshe unittest, itoe majibu, itoke. Laibrari iko ndani ila prosesi ni nyingine.

MgosiWaNgamiani
Aisee hii imekubali, ila nikiipaki bila lile dirisha jeusi inadondoka, inalalamika mambo ya NoneType.

BintiPangani
Bila konsoli (hilo dirisha jeusi) sys.stderr, njia ya kuandikia makosa, ni None, na TextTestRunner, kiendesha testi cha unittest, usipoielekeza inaandika huko huko. Ipe stream=open("majibu.txt", "w"). Na kama unatumia discover iache, yenyewe inatafuta mafaili ya .py na kwenye .exe hayapo, testi zipakie kwa loadTestsFromModule.